Moyo kwa Jina la Mwingine

"Vaa upesi," Subilaga alisema, akiuvuta utepe wa pili kutoka chini ya mkono wa sweta yake. "Leo umepata moto kama pasi."

Walikuwa ndani ya stoo ya mashuka, mlango umerudishiwa. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati. Atuganile aliupokea utepe wake, akaufunga juu ya kiwiko kama anavyoufunga kila siku, akangoja uwake kijani.

Ukawaka samawati.

Wote wawili waliutazama. Kijani walikuwa wanakijua; kijani kilifungua milango ya wodi, kabati la dawa, hata choo cha wafanyakazi. Njano ilimpeleka mtu ofisini kwa matroni. Nyekundu walikuwa wameiona mara moja tu, kwenye mkono wa kaka Ambwene, muuguzi mwenzao, na tangu siku ile hakuna muuguzi aliyependa kuitaja. Samawati hawakuwahi hata kuisikia.

"Umefanya nini huko ndani?" Atuganile alinong'ona.

"Nimefanya nini! Nimeingiza mkono, nimetoa mkono. Mara ya kwanza kwa jina langu, kijani. Nikazunguka, nikapanda ngazi, nikaingia tena kwa jina lako. Kinusi kikakaa kimya kidogo, kikapiga mluzi, basi."

"Mluzi gani?"

"Mluzi tu, jamani. Kama birika."

Atuganile alikalia furushi la mashuka. Kinusi kilikuwa ni mtambo uliojengwa ukutani karibu na chumba cha matroni, wenye tundu la kuingiza mkono. Kila Jumatatu kila muuguzi alipaswa kuingiza mkono wake humo, nao mtambo ulinusa jasho na kuusikiliza moyo, ukapeleka habari kwenye Baraza la Utulivu, lililokuwa na mamlaka juu ya leseni zote na halikumruhusu mwenye ugonjwa wa akili kuuguza. Ugonjwa wa akili wenyewe mtambo haukuweza kuunusa. Ulichonusa ni dawa zake. Kwa hiyo muuguzi aliyemeza dawa alikamatwa, na yule aliyezitupa chooni alipita, mpaka siku ambayo kichwa chake kingemshinda.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Ambwene. Alikuwa mtu mpole, anayewaimbia watoto wakati wa sindano. Kwa kuogopa Kinusi aliacha vidonge vyake, akapita Jumatatu kadhaa kwa kijani safi kabisa, kisha akaanza kusikia watu wakimwita kutoka ndani ya kuta. Baraza liliugeuza utepe wake nyekundu siku alipolia wodini. Hakumdhuru mgonjwa hata mmoja. Wachuma chai walimkuta shambani asubuhi moja ya baridi, amejikunja kati ya miche, miguu mitupu, ameshakufa. Baraza lilituma shada la maua.

Baada ya maziko yale Subilaga alimshika Atuganile mkono, akamwambia, "Wewe hutaacha vidonge vyako. Jumatatu nitaingia mimi kwa ajili yako. Basi, usinibishie." Alikuwa anajua habari yote tangu chuoni, tangu zile siku Atuganile alipokaa bila kulala akisugua kuta za bweni kwa mswaki, akicheka, na kuwapigia simu watu asiowajua. Utepe ulitaka joto la mwili tu. Haukujali ni mwili wa nani.

"Kwanza dawa," Subilaga alisema sasa. "Kushangaa baadaye. Simama wima."

Ilikuwa desturi yao. Wodini hakuna dawa ya hatari inayotolewa na muuguzi mmoja. Mmoja huuliza, mwingine hujibu, kwa sauti, ili jina lisipotee njiani.

"Mgonjwa sahihi?"

"Atuganile."

"Dawa sahihi?"

Alikifungua kiganja, kidonge cheupe kikaonekana. "Ndiyo hii."

"Kiasi sahihi?"

"Kimoja."

"Njia sahihi?"

"Mdomo."

"Wakati sahihi?"

"Sasa."

Akameza.

"Fungua mdomo nione. Inua ulimi. Mimi nakujua wewe," Subilaga alisema, na kama kawaida yake akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaegemea rafu za mashuka na kuweka mkono kifuani. Midomo ilikuwa imemkauka, ina rangi ya majivu.

"Suby?"

"Hizo ngazi zenu," alisema. "Zimeongezwa nini?"

*

Mtu wa Baraza alifika kabla ya chakula cha mchana. Aliitwa Bwana Mwansasu. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya upole, na alikuwa amevua kofia yake ya mvua na kuishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kutoa pole. Atuganile, aliyeketi mbele ya meza ya matroni, alikuwa ameshapanga maneno ya kujitetea.

"Usiogope, sista," alisema. "Samawati ni rangi ya huruma. Ni mpya. Kinusi kimesikia moyo wako unaruka mapigo, halafu unasimama, halafu unaanza tena. Hujawahi kuanguka?"

"Hapana."

"Bado tu. Moyo wa namna hii unaweza kusimama moja kwa moja, mtu akiwa anakunywa chai." Akainama mbele. "Lakini tumewahi. Alhamisi utakwenda hospitali kubwa, utawekewa kifaa kidogo cha kuuongoza. Likizo utapewa, leseni yako haiguswi. Moyo si aibu, sista. Baba yangu mwenyewe aliondoka kwa moyo."

"Pole sana, baba."

"Tumeshapoa." Akatabasamu. "Nikueleze jambo moja la kitaalamu. Moyo mgonjwa una mdundo wake, kama alama ya kidole. Huu wako tumeshauandikisha kwa jina lako. Ukisikika popote nchini, mtambo utajua ni wewe, watakuhudumia hata kama umezimia. Ukishawekewa kifaa, mdundo unakuwa kama wa watu wote na alama inafutika."

Atuganile alielewa kabla hajamaliza kusema. Akili yake ilimwendea Subilaga, aliyekuwa ghorofa ya chini wakati ule, anabeba ndoo.

"Na ukisikika kwa jina la mtu mwingine?" aliuliza.

Bwana Mwansasu alicheka kidogo. "Moyo mmoja, watu wawili? Hapo tutakuwa na wahalifu wawili, sista. Lakini nani afanye hivyo?"

Alipoinuka kuondoka, Atuganile alijikuta anamwuliza swali jingine, ambalo hakulipanga. "Samahani, baba. Kama kingekuwa ni kichwa, siyo moyo? Ingekuwa rangi gani?"

Sura ya yule mtu haikubadilika. Ni macho tu yaliyotulia juu yake kwa muda.

"Kichwa ni jambo lingine," alisema. "Mtu mwenye kichwa hatuwezi kumpa sindano mkononi. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Haya." Akavaa kofia. "Alhamisi, sista."

*

Mvua ilipokatika walikutana nyuma ya chumba cha dobi, kwenye kamba za kuanikia. Mashuka yaliwaficha kila upande.

"Ni moyo wako, Suby. Wanautibu wako kwa jina langu."

"Nimeelewa. Mimi siyo mjinga."

"Basi twende kwa matroni, tumwambie."

"Tumwambie nini? Kwamba tumedanganya Baraza tangu msiba wa Ambwene? Kesho yake utepe wako ni nyekundu na wangu ni nyekundu. Mama yangu kule Busokelo anakula kwa mkono huu. Na wewe utakuwa nani bila uuguzi? Nikuambie utakuwa nani? Utakaa nyumbani, utaacha kidonge, utaanza kusugua kuta." Alikuwa anahema. "Nimeshazika mmoja kwenye chai. Sitaki wa pili."

"Na wewe nikikuzika?"

 Subilaga aliichukua klipu ya nguo, akaibana kwenye kamba, akaibandua tena.

"Kuna njia," alisema. "Alhamisi naenda mimi. Navaa utepe wako, nalala kitandani, wananiwekea kifaa. Alama inafutika. Narudi nimepona, wewe unabaki na leseni yako. Wewe unakwenda kama ndugu wa mgonjwa, umevaa utepe wangu. Nani atatutazama sura?"

Ilikuwa kweli. Sura zilishaacha kuaminiwa siku nyingi, tangu watu walipoanza kutengeneza sura za bandia za kuibia benki na kupigia kura. Hospitali zilisoma tepe tu. Mtu angeweza kuingia na sura ya shangazi yake, asiulizwe.

"Tutakuwa tumebadilisha mgonjwa," Atuganile alisema. "Swali la kwanza kabisa, Suby. La kwanza. Tunawafokea wanafunzi kwa kosa hilo."

"Ni upasuaji wa tundu dogo la sindano. Hawatii dawa kali, hawatii damu. Nimesoma."

"Na wakitia?"

"Mwe! Wewe nawe." Alimshika mashavu yote mawili. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Moyo wangu mimi ni wa punda. Umebeba wawili miaka yote hii."

Atuganile alipaswa kukataa. Alilijua hilo palepale, akiwa amesimama kati ya mashuka yanayodondosha maji. Lakini hofu ilikuwa imemkalia shingoni, hofu ya ile rangi, ya milango isiyofunguka, ya shamba la chai asubuhi. Akatingisha kichwa kukubali, na alipotingisha aliona nafuu, na ile nafuu ndiyo iliyomtisha kuliko yote.

*

Hospitali kubwa haikuwa na harufu. Kuta zilikuwa nyeupe, zikizungumza na watu kwa sauti ya mwanamke aliyelala vizuri. "Karibu, Atuganile," ziliposema, Subilaga alijibu, "Ahsante," bila kupepesa macho. "Karibu, Subilaga," zikasema, na Atuganile akapunga mkono ukutani kama mtoto.

Kwa kuwa utepe aliouvaa ulikuwa wa muuguzi na ni wa kijani, walimruhusu kukaa ndani ya chumba cha maandalizi, kwenye kiti karibu na mlango. Walimpa Subilaga dawa ya kumlegeza. Kabla haijamchukua, aligeuza shingo.

"Asubuhi hatujasomeana maswali," alisema. "Umekunywa?"

"Nitakunywa tukitoka."

"Hunidanganyi..." Akaenda na usingizi, mdomo ukabaki wazi kidogo.

Muuguzi wa chumba kile aliitwa Nyamizi. Alikuwa mwembamba, wa makamo, mwenye mikono ya haraka. Alisoma kitu kwenye kioo cha ukutani, akaguna.

"Damu yake imepungua," alimwambia mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa kitanda. "Daktari anataka apate mfuko mmoja kwanza."

"Umeshapikwa?"

"Tangu alfajiri."

Siku hizi damu haikutolewa tena kwenye mikono ya watu. Ilipikwa kwenye mitungi, chini ya jengo, kwa kufuata kumbukumbu ya mwenye jina, hata ikaja ikiwa yake kuliko ya ndugu yake wa tumbo moja. Hakuna aliyeipima tena kitandani. Ya nini? Utepe na mfuko vilitambuana vyenyewe. Mfuko ulipanda kwa kijilifti cha ukutani, ukiwa na joto, mwekundu mno, na maandishi meupe ubavuni: ATUGANILE MWAIPOPO. KUNDI A.

Atuganile aliona ile A.

Chuoni, kwenye maabara, walichomana vidole wenyewe kwa wenyewe wakicheka. Yeye alitoka A. Subilaga alitoka O, akasema, "Mimi nagawia kila mtu, ila nyie mkinipa zenu mnaniua." Wakacheka sana. Mwalimu aliwatoa nje.

"Mgonjwa sahihi?" Nyamizi aliuliza kwa sauti.

Mwenzake aliusogeza mfuko karibu na utepe wa Subilaga. Ukuta ukasema, "Ndiye."

Atuganile alisimama. Hakuna aliyemtazama. Mawazo yalimjia mbio, kama yalivyokuwa yakimjia zile siku za kusugua kuta. Angeweza kujiangusha juu ya chuma cha kutundikia mfuko, mfuko upasuke. Wangepika mwingine wa A. Angeweza kupiga kelele kwamba kuna moto. Wangerudi baada ya moto. Angeweza kuuchomoa mpira, akafukuzwa nje, na Nyamizi angeuchomeka tena kwa uangalifu mkubwa, kwa jina lilelile. Kila mlango mdogo wa uongo aliousukuma ulimrudisha kwenye kitanda kile.

"Damu sahihi?"

"Kundi A, kwa jina lake."

"Kiasi sahihi?"

"Mfuko mmoja."

"Njia sahihi?"

Nyamizi alikuwa ameshika koki ya mpira kwa vidole viwili.

"Simamisha," Atuganile alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Alidhani haijasikika. Lakini vidole vya Nyamizi vilisimama.

"Unasema, dada?"

"Siyo yeye. Jibu la kwanza siyo sahihi. Huyo ni Subilaga Kibona, kundi O. Atuganile ni mimi."

"Utepe unasema ndiye."

"Tumebadilishana tepe." Alikuwa ameanza kulia bila kujua. "Tafadhali, sista. Ufungue ule wa mkononi kwake, unifunge mimi. Kuna Kinusi hapo nje. Kitakuambia kwamba mwenye jina hilo ana moyo mzima."

Yule mwenzake alimtazama Nyamizi. "Huyu mama amechanganyikiwa. Niite walinzi?"

 Nyamizi aliuondoa mfuko, akauweka mbali, juu ya meza ya chuma. Kisha akamfungua Subilaga utepe taratibu kama anavyofungua bandeji, akamfunga Atuganile, akamshika kiwiko na kumpeleka kwenye tundu la ukutani.

Ndani ya tundu mlikuwa na giza na uvuguvugu. Atuganile hakuwa ameingiza mkono kwenye Kinusi tangu Ambwene azikwe. Kitu laini kilipita juu ya ngozi yake, kikarudi, kikatulia pale mshipa unapopiga. Jasho lilimtoka, na alijua kwamba kila tone lina vidonge vyake vyote ndani yake, asubuhi zote za stoo ya mashuka.

Utepe ukawa mwekundu. Ulimulika mpaka kwenye dari.

"Muuguzi Atuganile Mwaipopo," ukuta ukasema, kwa sauti ileile ya mtu aliyelala vizuri. "Tafadhali kaa hapo ulipo. Baraza limearifiwa."

Nyuma yake mlango wa chumba cha maandalizi ukajifunga. Kupitia kioo alimwona Nyamizi ameshafika kitandani, amechoma kidole cha Subilaga kwa mkono wake mwenyewe, anaitazama damu kwenye kigae cha kupimia kama watu wa zamani, na anamwambia mwenzake kitu kwa ukali. Mwenzake alikimbia. Kisha kitanda kikasukumwa kwenda ndani, na hakukuwa na cha kuona tena ila taa.

*

Alikaa kwenye benchi la ukumbini. Watu walipita mbali, upande wa ukuta wa pili. Mama mmoja aliyebeba mtoto aliuona utepe, akamhamisha mtoto bega.

Mlango ulifunguka, akatoka Nyamizi, kofia ya upasuaji mkononi.

"Wametumia damu ya akiba, O," alisema. "Kifaa kimekaa. Moyo unadunda vizuri. Ameamka kidogo tu. Swali lake la kwanza ni kama mwenzake amekunywa dawa. Daktari kadhani anaweweseka."

Atuganile alifunika uso.

"Umekunywa?" Nyamizi aliuliza.

"Hapana. Anayenisomea ndiye alikuwa kitandani."

"Unazo?"

"Mfukoni."

Mwisho wa ukumbi milango iliachana. Bwana Mwansasu aliingia na watu wawili waliovaa makoti ya Baraza, kofia ya mvua mikononi mwake ikidondosha maji sakafuni. Safari hii hakuwa na tabasamu.  Atuganile alijua sasa atapelekwa wapi, kwenye chumba cha maswali, na baada ya hapo kwenye maisha yasiyo na wodi. 

Nyamizi aliwaona wakija. Utepe wake mwenyewe ulikuwa kijani. Angeweza kuingia ndani na mlango ungemfungukia. Badala yake alisimama mbele ya benchi, wima, akakunja mikono nyuma kama muuguzi anayekabidhi zamu.

"Mgonjwa sahihi?" aliuliza, kwa sauti ya wodini.

Bwana Mwansasu alisimama hatua chache nyuma yake. "Sista, tafadhali. Tunamchukua huyo."

"Dawa inatolewa, baba. Hakatizwi mtu." Hakugeuka. "Mgonjwa sahihi?"

Hilo hata Bwana Mwansasu alilijua. Akarudi nyuma hatua moja.

"Atuganile," alisema Atuganile.

"Dawa sahihi?"

Aliingiza mkono mfukoni. Kidonge kikataka kuanguka, akakidaka. Akafungua kiganja mbele yao wote, mchana kweupe, chini ya mwanga wa utepe uliokifanya kidonge kionekane chekundu.

"Ndiyo hii."

"Kiasi sahihi?"

"Kimoja."

"Njia sahihi?"

"Mdomo."

Nyamizi aliyatamka maswali yale bila kutafuta neno, kwa mwendo mmoja, kama mtu anayeyasema kila asubuhi mahali fulani na muuguzi mwenzake, mlango ukiwa umerudishiwa. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hayakupepesa.

"Wakati sahihi?"

Atuganile alimtazama yule mtu wa Baraza, na kofia yake, na watu wake wawili.

"Sasa," alisema, akameza bila maji.

"Fungua mdomo," alisema Nyamizi. "Inua ulimi."